Mbegu za KEFRI Muguga: zafaa kwa shamba lililotolewa liwe msitu wa jamii?

Kwa kikundi cha nyanda za juu za Kenya kilichopewa shamba la zamani la mahindi au chai, duka la mbegu la KEFRI (Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya), Muguga karibu na Nairobi, ndipo pa kuanzia. Mbegu zao zina rekodi ya zilikokusanywa, jambo ambalo kitalu cha kando ya barabara ni nadra kukupa. Chagua za mwinuko unaokaribiana na wako.

Kati ya miti ya kiasili, muiri (Prunus africana) na muthiga (Warburgia ugandensis) ndiyo inayosumbua. Mbegu za miti hii hufa zikikauka, kwa hiyo usizinunue za akiba: agiza mapema, uzichukue zikiwa mbichi na uzisie mara moja. Mbegu ya mutamaiyu (mzeituni mwitu) ina ganda gumu. Lipasue kidogo bila kuumiza kiini, kisha loweka siku mbili kwenye maji baridi. Mukinduri (Croton megalocarpus) hauna maringo. Ukitaka kivuli cha haraka, uanze nao, halafu muiri ufuate chini yake.

Mbegu nzuri haziokoi shamba bovu. Nyasi za kikuyu ndizo huua miche mingi kwa kunyang'anya maji, basi palilia duara la mita 1 kwa angalau misimu miwili. Shimo liwe sm 45 kwa 45, udongo wa juu utangulie kurudishwa. Visiki vya mkaratusi huchipua tena. Vunja machipukizi kila yanapotokea. Na uzio kabla ya miche, si baada: mbuzi hawasubiri kikao cha kamati.