ATPDraw kwa kazi ya stima, uzoefu wangu hapa Kisumu

Wadau, nimekaa na ATPDraw, programu ya kuchora mtandao wa stima kwa kompyuta na kuona voltiji inavyoruka radi ikipiga, karibu mwaka sasa. Mimi ni fundi wa stima Kisumu na huku radi tumeizoea, ikifika saa kumi jioni na wingu limeegemea milima ya Nandi unaanza kuchomoa plagi.

Kuna mteja wangu kule Kano ana laini ya 33 kV juu ya nguzo, halafu kebo ya mita 200 chini ya ardhi mpaka kwa transfoma, na hiyo kebo imepasuka kichwa, pale inapoishia, mara mbili, zote upande wa transfoma. Aresta, vile vifaa vya kumwaga voltiji ya radi ardhini, ziko pale nguzoni na ni nzima, sasa kila mtu anakuna kichwa.

Programu ni ya bure ila ATP yenyewe, ile inayopiga hesabu, unaombea leseni na kukubali masharti, so usingoje siku ya kazi. Kuchora ni rahisi, unaburuta vitu unaunganisha basi. Penye nilichomeka ni hatua ya muda, yaani muda kati ya hesabu moja na inayofuata, niliweka mikrosekondi 10 ikakataa kabisa, nikalaumu lapi yangu bure. Kumbe kwa kebo wimbi la voltiji ya radi linakimbia kama mita 160 kila mikrosekondi, yaani mita 200 zinaisha kwa 1.25 tu, na hatua lazima iwe ndogo kuliko hiyo. Nikaandika 1E-8, yaani mikrosekondi 0.01, ikatii.

Sasa utamu. Laini ya juu niliipa ukinzani wa wimbi wa omu 400, kebo 40, wimbi likiingia kwa kebo linabaki asilimia 18 hivi, unafurahi. Ngoja lifike kwa transfoma, ambayo kwa kitu cha kasi hivyo ni kama waya uliokatwa, linajikunja linakuwa mara mbili, linarudi nguzoni linagonga tena, hivyo hivyo linapanda kama ngazi. Aresta ya nguzo inashika kwake tu, huku mwisho voltiji inaipita. Na waya wake wa athi, wueh, ulikuwa mrefu umezungushwa kama kamba ya mbuzi, kila mita ni kama mikrohenri moja ya kuongeza shida.

Nikachora aresta nyingine kwa transfoma, mlima ukalala. Mzee wa pale akaangalia skrini akaniuliza, "Kijana, hii yote ni bei gani?" Nikamwambia kuchora ni bure, aresta tatu, moja kwa kila fezi, ndio unanunua.