Fundi bomba aliyeanza kwa kuuliza pa kuzibulia

Nilipoanza kujenga nyumba ya ghorofa moja Kigamboni, nilitafuta fundi bomba ambaye angepanga midomo ya kuzibulia, yaani matundu yenye vifuniko ya kupitishia fimbo bomba la majitaka likiziba, kabla jamvi la zege halijamwagwa, kwa kuwa katika nyumba niliyotoka tuliwahi kuvunja marumaru za korido kwa tindo, siku mbili nzima, tukitafuta mahali palipoziba. Huyu niliyempata, kabla hajakata bomba lolote, alitaka kujua mtu wa kuzibua atasimama wapi.

Kutoka bafu la mwisho hadi chemba ya nje ni mita 18. Bomba la inchi 4 alilishusha sentimita 2 na nusu katika kila mita, na pale lilipopinda akaunga viwiko viwili vya nyuzi 45 badala ya kimoja cha nyuzi 90, kisha akaweka mdomo papo hapo. Kanuni zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani huruhusu mita 30 hivi kati ya mdomo na mdomo, hivyo nilidhani ananiongezea gharama. Akachukua fimbo ya kuzibulia, akaisukuma ndani ya bomba likiwa bado wazi mtaroni, nami nikaona inavyogoma kwenye kona. Mdomo mwingine ameuweka ukuta wa nje, pale linapoishia bomba la wima la vyoo vya juu, ili uchafu usipitishwe sebuleni. Midomo yote ameielekeza upande wa chemba, na nyuzi za kukazia vifuniko akazipaka grisi ili zisigande.

Mwezi wa saba tangu tuhamie, kitambaa cha dekio kilinasa. Kijana tuliyemwita alifungua kifuniko kwa spana, akakisukuma kitambaa hadi chemba na kukiopoa huko. Haikufika nusu saa.

Lawama yangu ni mdomo wa jikoni. Umetazamana na ukuta kwa nafasi ya shubiri moja, fimbo haiingii bila kupindwa, na seremala naye amekuja kuuziba kwa kabati. Fundi anasema hakuonyeshwa mchoro wa kabati, na ni kweli, ila mtu aliyekuwa makini kiasi kile kwingine kote angeuliza. Bei yake ilizidi ya mafundi wawili niliowauliza kabla yake, na nimeilipa bila kinyongo. Mdomo huo amekubali kurudi wiki ijayo kuugeuza kwa gharama yake.