Hilux yangu ya 1994 kutikisika mbele: niliowalipa bure na aliyeupata ugonjwa

Nina Hilux LN106 ya mwaka 1994, ile ya dizeli yenye injini ya 3L, ekseli nzima mbele na springi za vyuma vya kupangana. Inashusha kabichi na karoti kutoka Mgeta hadi Morogoro mjini, na mara mbili kwa wiki inakwenda nazo Dar. Raha sijawahi kuidai. Lakini tangu masika yalipoanza ikawa inanitia hofu.

Ilikuwa hivi. Ukivuka rasta pale Mikese ukiwa kwenye 70 hivi, usukani unaanza kucheza mikononi, kidogo tu. Halafu unazidi. Unazidi mpaka dashibodi inagonga, chupa ya maji inaanguka kitini, na magurudumu ya mbele unayahisi yanatupana kushoto kulia kama yanagombania njia. Kuachia mafuta hakutoshi, lazima ukanyage breki mpaka karibu 40 ndipo itulie. Utingo wangu, ambaye kwa kawaida tukipita Kingolwira tu ameshalala, aliacha kulala.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mimi nililihesabu kuwa ni lile lile: hata kwenye lami tambarare, bila rasta wala shimo, upande wa kushoto mbele ulikuwa unaruka-ruka, du du du, kama gari lina kwikwi.

Gereji ya kwanza ina mashine nzuri ya alaimenti na sehemu ya kusubiria yenye televisheni. Balansi na alaimenti, 60,000. Usukani bado unacheza. Wakasema dampa ya stelingi, ile shokapu ndogo inayotuliza usukani, imekufa, nikatoa 110,000 wakafunga mpya. Nakiri, wiki tatu nilitembea kifua mbele. Kumbe dampa mpya kwenye gari bovu ni kama dawa ya maumivu kwa mwenye jino lililooza. Wiki ya nne, pale pale Mikese, ikarudi kwa hasira.

Gereji ya pili walinisikiliza dakika mbili, wakaniandikia orodha: tairodi endi (viungo vya fimbo zinazogeuza magurudumu) zote nne na shokapu mbili za mbele. 380,000 na ufundi. Jeki haikupigwa hata mara moja kabla ya ile orodha kuandikwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela, maana nilikuwa nimesimama pale pale nikiangalia.

Dereva mwenzangu wa mbao ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja Kihonda. Gereji yake ni uani, chini ya mwembe, hakuna bango.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Usinitajie spea, mwanangu. Niambie inaanzaje."

Nikamweleza. Akauliza kama mtikisiko unakuja wenyewe kwa mwendo fulani na kupotea ukiupita, au unasubiri gari ligonge kitu. Nikasema unasubiri rasta. Akatikisa kichwa: ule wa balansi huja taratibu ukifika mwendo wake, hauhitaji kuitwa na tuta. Huu wangu unaitwa, maana yake kuna kitu kimelegea.

Akapiga jeki chini ya ekseli mpaka tairi ikaelea. Akalishika gurudumu juu na chini, akasukuma na kuvuta. Likacheza, nikasikia kabisa "tok". Mimi nikasema beringi ya habu, kitovu ambacho gurudumu limefungwa. Akamwambia kijana wake apande akanyage breki, akasukuma tena. Tok. Bado. Hapo akanifafanulia: breki ikishikwa, habu na nako (kile chuma kinachobeba habu na kugeuka na gurudumu) zinakuwa kitu kimoja, kwa hiyo beringi ya habu haiwezi tena kucheza. Kinachobaki ni beringi za nako, zile mbili za juu na chini ambazo nako yenyewe inazungukia wakati wa kukata kona. Alipolisukuma gurudumu kushoto na kulia halikucheza hata kidogo. Tairodi endi zangu mpya zilikuwa nzima, na sina hakika kama zile za zamani zilikuwa mbovu.

Na kwikwi? Aliweka jiwe chini karibu na tairi la kushoto, akalizungusha polepole kwa mkono. Tairi likapita mbali na jiwe, likapita mbali, halafu likaligusa. Kila mzunguko, mahali pale pale. Nikapitisha kiganja: nundu pana, kama chapati imewekwa chini ya mpira. Waya za ndani zimeachana. Balansi haiwezi kuponya hilo, kwa sababu uzito unaweza kuwa sawa na tairi bado si duara. Akanionyesha tarakimu nne ubavuni, 3113, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2013. Nililinunua mtumba na sikuwahi kuzisoma.

Sehemu niliyoipenda zaidi ilikuwa baada ya kufungua tairodi. "Hiyo mizani yako ya ndoano iko wapi?" Mizani yangu ya karoti! Akaitundika kwenye mkono wa nako, akavuta. Nako ikageuka kabla mshale haujafika kilo moja. Akasema kitabu cha gari hili kinataka kati ya kilo tatu na sita.

Kufungua kulichukua muda. Kuna washa zenye umbo la pia zinazong'ang'ania kwenye stadi, na kijana alizigonga kwa nyundo ya shaba mpaka zikaruka. Ndani, grisi ilikuwa imegeuka uji wa ulezi: sili ya ndani imekatika, oili ya difu imeingia, na maji ya matope ya Mgeta yameingia pia. Vikombe vya beringi vilikuwa na mistari ya vijishimo, kama mtu kavitafuna.

Spea ziliagizwa Kariakoo, beringi nne na sili zake, 240,000. Ufundi 130,000. Tairi la mbele kushoto nikanunua jipya. Alipunguza shimu za nako, vile vibati vyembamba vya kurekebisha mkazo, moja moja, akivuta mizani kila mara, mpaka ikasoma kilo nne na nusu pande zote mbili.

Malalamiko ninayo. Aliniahidi siku moja, zikawa tatu, kabichi za watu zikaniozea. Risiti hatoi, mpaka umbane, na hata ukimbana anaandika kwenye karatasi ya daftari. Choo hakuna. Kwa upole wake na kwa alivyonionyesha kila kitu kabla ya kukidai, nampa nyota nne, ya tano ameikosa kwa zile siku mbili.

Sasa ni miezi miwili. Mikese navuka nikiwa na mzigo, na usukani unatetemeka kidogo kama inavyopasa kwenye rasta, kisha unanyamaza. Baada ya kilomita 1,000 nilirudi kwake kama alivyoniagiza, akavuta mizani tena, ikasoma nne. Sili ya nje upande wa kulia bado inatokwa jasho la grisi, na ameniambia nimletee siku isiyo na kabichi.