Kabla hujanunua geji nyingine ya mvuke, nunua saifoni

Kwenye boila ya kuni ya kiwanda kimoja cha chai huko Mufindi nilikofanya kazi, tulibadilisha geji tatu za presha ndani ya mwaka mmoja. Kila mara tulilaumu geji yenyewe: feki, ya bei chee, tuagize bora. Tukaagiza bora, nayo ikafa. Kosa lilikuwa chini yake. Tulikuwa tumeifunga moja kwa moja kwenye paipu ya mvuke.

Mvuke wa bar 7 una joto la nyuzi 170 hivi. Ndani ya geji kuna mrija mwembamba uliopindwa, ubunifu wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849. Katika geji nyingi za shaba mrija huo umeunganishwa kwa risasi ya kulehemu, na kinachoingia humo hakitakiwi kuzidi nyuzi 60. Ukiona boila imepoa kabisa na mshale haurudi sifuri, mrija umeshaharibika. Anayechochea kuni anaamini mshale huo, na uhai wake uko hapo.

Kwa hiyo, kati ya vitu vitano ambavyo watu hununua kuokoa geji, saifoni naiweka ya kwanza, na hakuna kinachoikaribia. Ni bomba fupi lililopindwa. Mvuke ukifika humo hupoa na kuwa maji, maji yanakaa kwenye mkunjo, presha inapita lakini joto haliifikii geji. Ya duara ni ya tundu lililo juu ya paipu; ya umbo la U ni ya tundu la ubavuni. Ukizibadilishana, maji huenda yasikae, na umetupa hela. Boila inayowaka kila siku, chuma cheusi kinatosha. Inayolala miezi, kutu huziba njia na mshale unaganda, hivyo ongeza hela uchukue stenlesi. Ukienda dukani Mwanjelwa, Mbeya, beba sumaku: stenlesi ya kazi hii haishiki, au inashika kidogo tu penye mkunjo.

Kagua uzi pia. Nusu inchi ya BSP (uzi wa Kiingereza) na nusu inchi ya NPT (uzi wa Kimarekani) zote zina meno 14 kwa inchi, ila pembe ya meno ni digrii 55 kwa BSP na 60 kwa NPT. Zitakubaliana mizunguko ya mwanzo, kisha zitavuja. Usiongeze tepu ya teflon, rudisha dukani.

Ya pili ni koki ya geji, ile ya njia tatu. Inakuwezesha kufunga mvuke, kutoa presha na kuangalia kama mshale unarudi sifuri, bila kuzima boila. Mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama kazini, akija na geji yake ya kupimia, ataifunga hapo hapo.

Kipunguza mapigo ni cha tatu, tena upande wa pampu ya maji ambako mshale hutetemeka. Kwenye mvuke tulivu hakina kazi, na tundu lake dogo huziba upesi.

Ya nne ni kinga ya daiaframu, utando mwembamba unaozuia kilicho ndani ya paipu kisiingie kwenye geji. Ni ghali. Mwenye kiwanda cha maziwa Njombe anaihitaji upande wa maziwa. Kwenye boila, hapana.

Geji ya glisarini naiweka mwisho kwa sababu wengi huinunua wakidhani inakinga joto. Glisarini hutuliza mtetemo tu. Ikichemshwa hugeuka rangi, na usomaji unakuwa shida. Hela hiyo nunua geji kavu (isiyo na glisarini) ya bar 0 hadi 16 kwa boila ya bar 7 hadi 10, pamoja na saifoni.

Siku ya kufunga, jaza saifoni maji kwanza, kisha fungua koki polepole. Ikiwa tupu, mvuke wa mwanzo unapiga mrija moja kwa moja. Na kama iko nje huko Makete, boila ikizimwa Juni au Julai usiku wa barafu, mwaga maji yake, asubuhi ujaze upya kabla ya kuwasha.