Tumekodi Coaster ya kulala kutoka Bagamoyo mpaka Tanga, uzoefu wangu

Nianze na bei maana najua ndo mtaniuliza kwanza. Laki tatu na nusu kwa siku, dizeli juu yako, dereva wa kwao na ni lazima umchukue, halafu dhamana ya laki tano ambayo inarudi gari ikirudi nzima. Gari yenyewe ni Coaster ya siku nyingi, viti vya nyuma wameng'oa wakaweka vitanda vya juu na chini, jiko la gesi la plate mbili, friji ndogo, sinki, tenki la maji la lita 120, sola juu ya paa, na kabati moja nyuma kabisa lina mlango, humo ndo choo. Jina la kampuni siitaji na mkinifuata inboksi sitaji vilevile, nataka tu mtu anayefikiria kitu kama hiki na ndugu zake ajue anaingia wapi.

Maoni yangu kwa ufupi, gari kama hii ni tamu ikiwa imesimama na ni mateso ikiwa inatembea. Sasa wao kwenye ratiba waliyotupa kila siku ni kuhama, asubuhi kunja godoro, funga vyombo visigongane, jioni fungua tena. Sisi tuliigomea ile ratiba mapema tukasema tunakaa sehemu mpaka tuchoke, na hapo ndo safari ikaanza kuwa safari.

Tangazo linasema inalaza watu sita. Vitanda kweli vipo sita. Ila dereva ni mtu wa saba na yeye halali hewani, hilo tangazo halisemi, ukiuliza wanakwambia "dereva anajitegemea" ambayo maana yake analala kwenye siti yake ya mbele huku anasikia kila mnachoongea. Halafu kuna jambo kubwa zaidi ambalo aliyeitengeneza hii gari hakulifikiria kabisa. Tulikuwa mimi, kaka yangu na mkewe, binamu zangu wawili vijana, na mama yake wifi, bi mkubwa mzaliwa wa Pangani ambaye aliposikia tunapita kwao akasema naye yumo. Haya niambieni, kaka yangu alale chumba kimoja na mkwewe, kati yao pazia la kitenge? Haiwezekani. Bi mkubwa hakusema neno, alijitanda tu khanga akakaa nje kwenye mkeka mpaka usiku mkubwa eti ndani joto, na kaka naye yuko upande wa pili wa gari anajifanya anaongea na simu, kila mmoja anamsubiri mwenzie alale kwanza. Kesho yake kaka akaazima hema pale tulipopaki, na tangu hapo analala nje na mkewe mpaka mwisho wa safari. Kwahiyo mkienda nendeni marika, au mume na mke na watoto wao, basi. Ukichanganya wakwe ongeza hema kabisa kwenye bajeti.

Joto sasa, maana bi mkubwa hakudanganya. Paa ni bati, likipigwa jua mchana kutwa usiku linakurudishia lote. Madirisha yanafunguka ila hayana nyavu za mbu, unachagua ufe na joto au uliwe. Dawa tuliyoipata ni kununua chandarua za mita na gundi ya selotepu, na dereva wetu (kijana mstaarabu sana, huyu nampa nyota zote) akatufundisha kupaki gari ubavu uelekee bahari na sio pua, ili madirisha yote ya upande mmoja yapate upepo wa jioni. Ule upepo usiku sana unakata, alfajiri unaanza umande kutoka bara, hapo ndo usingizi mzuri unakuja na hapo ndo mtu anaamshwa kuswali. Kitu kingine, usipaki chini ya mnazi. Kivuli kitakuvutia lakini nazi ikidondoka juu ya sola utailipa wewe.

Bagamoyo tulipaki kwenye uwanja wa gesti moja, wakatutoza kidogo tu tukatumia bafu lao. Kwa Bagamoyo gari ya kulala haina maana sana kusema ukweli, kila kitu ni cha kutembelea kwa miguu au bajaji, Mji Mkongwe, Caravanserai, misheni ya Wakatoliki ya mwaka 1868 ambako mwili wa Livingstone uliletwa kabla ya kupelekwa Zanzibar. Kaole tulienda asubuhi kabla jua halijakomaa, msikiti ule magofu yake ni ya karne ya 13, na binamu zangu ambao walikuwa wananung'unika eti kuangalia mawe ndo walikuwa wa mwisho kutoka. Mnadani ufukweni tukanunua changu na pweza tukajaza friji, na hiyo friji ndo ikatuletea ugomvi wa kwanza.

Iko hivi. Sola inachaji betri moja tu ya 100Ah, na betri ya maji ya aina ile ukiitumia chini ya nusu unaiua, kwahiyo umeme halisi ulionao ni kama wati 600 kwa saa moja halafu kwisha. Friji inakula usiku kucha, taa, simu saba, spika ya bluetooth ya vijana. Wifi akachomeka birika la umeme achemshe chai, inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ni ya wati 1000, birika ni 1800, ikapiga kelele piii ikazima kila kitu na asubuhi pweza ananuka. Kampuni wangebandika tu karatasi ukutani inasema birika, pasi na draya marufuku. Tulivyojua tukahamia kwenye deli na barafu za kununua, friji ikabaki kabati la vitunguu.

Maji lita 120 yanaonekana mengi mpaka uwe na watu saba ambao wanaoga mara mbili kwa siku na wengine wanatawadha mara tano. Haikumaliza siku. Ukifika kila sehemu kazi ya kwanza ni kutafuta madumu. Na choo, jamani choo. Ni kidumu chenye kiti, chini kuna droo, ikijaa mtu anaichomoa anaenda kuimwaga. Huko Ulaya inasemekana kila kambi ina pa kumwagia, huku unaenda kumbembeleza mwenye gesti akuruhusu kwenye shimo lake, na mwingine anakukatalia na ana haki. Tukakubaliana choo ni cha usiku na dharura tu. Binamu yangu mdogo ndo akapewa kazi ya droo kwa elfu tano kila inapojaa, kijana amerudi ana hela kutuzidi.

Njia. Kutoka Bagamoyo kupitia Makurunge kwenda Saadani tulipita kiangazi na bado kuna vipande ambavyo Coaster ilikuwa inatembea kama inavunja mayai, vikombe vinacheza, mlango wa kabati la choo unajifungua wenyewe. Masika usithubutu, ule udongo mweusi ukilowa hata Land Cruiser zinaomba msaada. Saadani ndo hifadhi ya taifa pekee Tanzania Bara iliyopakana na bahari, imepewa hadhi hiyo 2005, na malipo getini ni kwa control namba au kadi, ukiwa na kashi yako mkononi unaangaliwa tu. Twiga tuliwaona barabarani kabisa, ngiri, kuro, nyani wa kumwaga. Na mbung'o! Funga madirisha, wakiingia ndani mtacheza ngoma isiyo na ngoma.

Ushongo, ufukwe wa kusini mwa Pangani, ndo palikuwa penyewe. Tulipaki juu ya mstari wa mwani maana mwenyeji alituonya bamvua linakuja, na kweli usiku maji yalifika karibu na tairi za mbele. Pale ndo nikaelewa kwanini watu wanazipenda hizi gari, unaamka unafungua mlango, miguu mchangani, chai inachemka kwa gesi, hakuna wa kukuuliza muda wa kutoka. Vijana walienda Maziwe kwa boti wakarudi wanasema ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa halionekani. Bi mkubwa akacheka, akasema yeye Maziwe anaijua ina mivinje, kina baba yake walikuwa wanalala huko wakivua. Ni kweli, kisiwa kilitangazwa hifadhi mwaka 1975 kikiwa na miti, na miaka kama kumi baadaye miti yote ilikuwa imeshaliwa na bahari. Siku hiyo jioni alitupikia bada (ugali wa muhogo) na pweza wa nazi (wa kununua upya), akakaa mkao wa kusimulia, hata kaka akasogea karibu kidogo.

Kivuko cha Bweni kwenda Pangani ndo sehemu ya kuwa makini. Daraja tulipopita sisi lilikuwa bado linajengwa. Coaster ina mkia mrefu nyuma ya tairi, maji yakiwa yamekupwa ngazi ya kivuko inakuwa na mwinuko, ukipanda bampa ya nyuma inakwaruza chini. Dereva alitaka tusubiri maji yajae, ofisini kwao wakampigia simu apande sasa hivi maana gari ina mteja mwingine Tanga. Akapanda. Kraaa. Kaka alikuwa anachukua video toka mwanzo, na simu ya ofisini iliwekwa spika, mtaona umuhimu wake.

Pangani mpaka Tanga sitasema mengi, mashamba ya mkonge, Kigombe tukanunua samaki, Tongoni tukasimama kuangalia makaburi yenye nguzo ambayo watu wengi wanayapita tu. Tanga mjini kupaki ni raha, barabara pana na madereva hawana haraka, tukalala Raskazone na Mapango ya Amboni tukaenda kwa bajaji kwasababu matawi ya njiani nilishayachoka kuyasikia yakikwangua paa.

Ningekodi tena? Ndio, ila nianzie Tanga, watu wanne na dereva, nikae Ushongo na Kigombe tu, Saadani niingie na gari ya kukodi ya watu wa pale. Na ukiishia Tanga ujue dizeli ya kurudisha gari tupu Dar ni juu yako, hilo pia limeandikwa maandishi madogo nyuma ya mkataba.

Dhamana walitaka kukata laki moja na nusu ya bampa. Tukawatumia ile video na sauti ya bosi wao ikisikika vizuri, wakaifuta. Wakakata elfu thelathini ya kusafisha choo, choo ambacho binamu yangu alikisafisha kwa sabuni mbele ya dereva, tukaona tuwaachie.