Lightroom Classic: programu bora, lakini usafi wa diski imekuachia wewe

Kwa kupanga maelfu ya picha, Lightroom Classic ya Adobe bado ni chombo cha kutegemewa. Udhaifu wake ni kula diski kimyakimya, na wengi humlaumu asiyehusika. Faili la .lrcat, yaani katalogi yenyewe, ni hifadhidata ya aina ya SQLite: linabeba nyota, maneno ya utafutaji na hatua za uhariri, wala picha zenyewe hazimo. Mlaji mkubwa ni folda ya jirani ya picha za hakikisho, inayoishia na Previews.lrdata.

Anzia hapo. Chagua picha zote, ingia menyu ya Library, kisha Previews, ubofye Discard 1:1 Previews. Picha hizo za hakikisho zina pikseli zote za picha halisi, ndiyo maana harusi moja tu huvimbisha folda. Kisha nenda Catalog Settings, sehemu ya File Handling, upange zijifute baada ya wiki moja. Chaguo la Never (zisijifute kamwe) waachie wenye diski ya kutupa. Hapohapo angalia ukubwa wa hakikisho la kawaida: usizidi upana wa skrini yako. Ukiwa mkubwa mno, hakikisho la 1:1 ambalo halizidi mara mbili ya hilo la kawaida halifutwi hata ukiamuru.

Smart Previews, nakala ndogo za kuhariria picha halisi zisipokuwepo, zenye pikseli 2560 upande mrefu, zina maana kwa anayehariri bila diski ya nje. Wengine wazifute.

Folda ya Backups nayo ikaguliwe. Kwa kawaida hukaa kando ya katalogi, na hilo silipendi kabisa: diski ikifa, katalogi na nakala zake zinakwenda pamoja. Zihamishie diski nyingine, ubaki na tatu za karibuni, na ukumbuke kwamba picha zako hazimo ndani yake.

Optimize Catalog, kwenye menyu ya File, hupunguza kitu pale tu ulipokwisha kuondoa picha nyingi au historia ndefu za uhariri. Vinginevyo usitarajie makubwa.

Yapo mafaili mawili ya kutoguswa. Tangu toleo la 11 la mwaka 2021, data za maski (sehemu za picha ulizochagua kuzihariri peke yake) hukaa kwenye .lrcat-data, anayehamia kompyuta nyingine abebe hilo pamoja na .lrcat. La pili ni .lrcat-wal. Programu ikizimika ghafla, humo ndimo zilimobaki kazi ambazo hazijaingia kwenye katalogi, na anayelifuta kwa kudhani ni takataka anazipoteza.