Soko Kuu, Kilombero na Tengeru kwa mpishi anayetaka meza ya Oaxaca

Mpishi anayetaka kuandaa chakula cha Oaxaca, mji wa kusini mwa Meksiko, hapa Arusha hana haja ya kuagiza vitu kwa ndege. Mahindi, maharage, maparachichi, pilipili, maboga na nyanya vyote asili yake ni Amerika, na vyote vimejaa masokoni kwetu. Hata urefu kutoka usawa wa bahari unafanana: Arusha iko mita kama 1,400, Oaxaca kama 1,550, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi katika miji yote miwili. Muda wa kupika unaotumika kule utaufuata hapa bila kuubadilisha. Mapishi ya watu wa Pwani ndiyo yatakudanganya, hasa kwenye maharage.

Vinavyokosekana ni vitatu: pilipili kavu za aina zao, tomatiyo (tunda chachu la kijani linalofanana na nyanya), na mashine ya kusaga mahindi yaliyolowa. Mengine ni kujua uingie soko gani, siku gani, na ukatae nini.

Kule Oaxaca mnunuzi huanzia Mercado Benito Juárez kwa viungo na vitu vya kubeba nyumbani, kisha anavuka mtaa na kuingia Mercado 20 de Noviembre kula. Jumapili anapanda gari kwenda gulio la Tlacolula, umbali wa kilomita kama 30, ambako wanavijiji wanaleta mazao. Kwetu kazi hizo zinagawanywa na Soko Kuu, Kilombero na Tengeru. Tuanze na Kilombero, maana bila mahindi hakuna meza.

Kwa nafaka kavu Kilombero haina mpinzani mjini. Uchaguzi ni mpana, mzigo unazunguka haraka, na muuzaji akikuonyesha gunia hakatai utie mkono hadi chini. Omba mahindi meupe makavu ambayo hayajakobolewa. Muuzaji akisikia hutaki ya unga atakupeleka moja kwa moja kwenye mahindi ya makande yaliyokobolewa, ambayo yanapendeza machoni lakini hayafai: ganda la punje, likishalainishwa na chokaa, ndilo linalotoa ule utelezi unaoshikamanisha donge la tortila, chapati nyembamba ya mahindi. Kataa punje yenye tundu la dumuzi, punje inayonuka dawa ya kuhifadhia, na kwa vyovyote vile usiguse mbegu za dukani zilizotiwa rangi ya waridi au kijani, hiyo ni sumu. Kuhusu ukungu usione haya kuwa msumbufu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na kuchemsha hakuiondoi. Punje iliyobadilika rangi itupwe, usimpe hata kuku.

Kipimo cha kawaida ni sado. Kabla hujajaziwa, pindua kopo uangalie kitako, kwani yapo yaliyobonyezwa kwa ndani, na kilele kirefu cha juu hakifidii kilichopotea chini. Kwa kazi hii nunua kwa kilo, kwa sababu chokaa inapimwa kwa uzito wa mahindi.

Kwenye maharage, Oaxaca ni mji wa maharage meusi. Hapa huyapati kila siku, na ukiyauliza kwa haraka utauziwa ngwara. Ngwara ni nyeusi kweli, lakini ina mstari mweupe pembeni, inachelewa kuiva na ladha yake ni nyingine kabisa. Ni chakula kizuri kwa mapishi yake, si kwa haya. Ukikosa maharage meusi chukua mekundu yanayotoa mchuzi mzito, yaloweke usiku kucha, na chumvi iingie yakishaanza kulainika.

Sasa chokaa, ambayo ndiyo roho ya jambo lenyewe. Tortila haitokani na unga wa sembe. Ukijaribu kuukanda unga wa sembe na kuubonyeza mwembamba utapasuka pembeni na kuvunjika ukikunjwa, kwa sababu mahindi yale hayakupikwa na chokaa. Mahindi yaliyopikwa hivyo, kule wanayaita nikstamali, yanaanza kuivisha wanga wake na kulegeza ganda, na hapo ndipo donge linapopata kunata.

Chokaa ya ujenzi usiiweke kwenye chakula, haikusafishwa kwa ajili hiyo. Tafuta chokaa ya tambuu, ile wanayopaka kwenye jani, kwenye maduka yanayouza tambuu na popoo. Magadi hayachukui nafasi yake. Yanalainisha ganda, ndiyo, lakini hayana kalsiamu, donge halishiki vizuri na tortila inabaki na ladha ya sabuni. Majivu safi ya kuni yanafaa zaidi kuliko magadi, na huko Oaxaca mahindi ya tehate, kinywaji chao baridi cha mahindi na kakao, hupikwa kwa majivu.

Kwa kilo 1 ya mahindi weka lita 3 za maji na gramu 10 za chokaa kavu. Ya tambuu ni laini na ina maji ndani yake, kwa hiyo anza na gramu 20. Koroga chokaa kwenye maji kwanza, kisha mimina mahindi. Sufuria isiwe ya alumini, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuwa karibu kila sufuria ya sokoni ni alumini: chokaa inaila, maji yanakuwa meusi na mahindi yanapata ladha ya chuma. Tumia ya chuma cha pua, au ya bati lenye enameli isiyobanduka. Moto wa kati hadi ianze kutokota, upunguze, dakika 30 hadi 45, kisha epua, funika na acha saa 8 hadi 12.

Asubuhi chukua punje uisugue kwa vidole. Ganda litoke lenyewe. Ukiikata katikati uone kidoa kidogo cheupe kikavu. Kama hakipo, uliivisha kupita kiasi na donge litakuwa gundi. Kama kidoa kimechukua nusu ya punje, rudisha motoni dakika 10. Osha kwa maji mawili au matatu, ukisugua kiasi. Usimalize maganda yote.

Kusaga ndiko kwenye kikwazo halisi. Usiende kwenye mashine ya kusaga unga ya mtaani. Ni ya nyundo, inataka nafaka kavu, na mahindi yaliyolowa yataziba chujio na mwenye mashine atakudai haki yake. Kule Meksiko wanatumia mashine ya mawe mawili yanayosagana. Kinachokaribia hapo ni mashine ya mkono ya sahani mbili, zile zinazosagia karanga, ukikaza skrubu na kupitisha mara mbili. Mashine ya kusagia nyama yenye tundu dogo inafanya kazi kwa kupitisha mara tatu, ingawa donge linabaki na chenga. Blenda inadai maji mengi hadi donge linakuwa uji. Ukilazimika, ongeza unga mkavu kidogo mwishoni na ukubali tortila ya daraja la pili. Kama nyumbani kuna jiwe la kusagia la bibi, umeshinda wote.

Kilo 1 ya mahindi inatoa karibu kilo 2 za donge. Vidonge vya gramu 35, vilivyobonyezwa kati ya nailoni mbili hadi unene wa milimita 2. Pembe zikichanika donge ni kavu. Likigandia nailoni, maji yamezidi. Chuma cha chapati kiwe cha moto sana bila mafuta: sekunde 30, geuza, dakika 1, geuza tena, na hapo inatakiwa kuvimba. Isipovimba mara nyingi chuma hakijapata moto.

Soko Kuu ni la viungo na majani, na kwa hilo linastahili sifa. Uende asubuhi, kabla giligilani haijalala. Mdalasini uchague kwa vidole: gome jembamba linalovunjika kirahisi ndilo linalokaribia la Meksiko, gome nene gumu ni la kasia, mdalasini wa aina nyingine, na litatawala mchuzi wote. Ufuta, karafuu, zabibu kavu, pilipili manga na mzuzu mbivu vyote vinaingia kwenye mole nyeusi, mchuzi wao mzito wa pilipili na viungo, na vyote unaweza kuvipata katika mzunguko mmoja wa soko. Limau liache, unataka ndimu, ndogo yenye ganda jembamba. Wauzaji wa viungo vilivyosagwa tayari wapite tu. Huwezi kujua kilichomo wala kilisagwa lini.

Pilipili ni habari ndefu zaidi. Pilipili mbuzi ni jamii moja na habanero, pilipili kali ya Meksiko, lakini habanero ni ya Yucatán kuliko Oaxaca, hivyo kwa sosi ya mezani chukua pilipili ndefu mbichi. Zile pilipili kavu nene, tamu na nyeusi za mole huzipati, na anayekuambia anazo akuonyeshe. Mbadala unaoheshimika: hoho nyekundu 6, zipasue, toa mbegu, anika jua kali siku 3 hadi 4 mpaka ziwe ngozi, changanya na pilipili ndefu kavu 1 au 2. Ukizikausha siku ya mwisho juu ya makaa yanayozimika zinapata moshi mzuri. Kabla ya kuloweka zipitishe kwenye chuma kikavu, sekunde 10 hadi 15 kila upande, na zikiwa nyeusi tupa, maana mchuzi utakuwa mchungu na sukari haitauokoa. Rangi utaipata, mwili wa ladha utaupata nusu.

Badala ya tomatiyo, chukua nusu kilo ya nyanya za kijani ngumu, chemsha dakika 8 hadi 10, saga na ndimu 1, kitunguu, giligilani na pilipili. Nyanya chungu isikaribie, hata kama muuzaji ana hakika.

Maua ya maboga hayapangwi mezani kwa muuzaji, ila majani yake yapo. Muombe mama wa majani akuletee kesho yake maua dume, yale yenye kikonyo kirefu chembamba bila kiboga chini yake, yaliyochumwa alfajiri. Hayalali. Na kwa panzi wa kukaanga wa Oaxaca, wenye asili ya Bukoba hawahitaji maelezo.

Tengeru, kilomita kama 13 kwenye barabara ya Moshi, ndiyo Tlacolula yetu. Siku yake kubwa ni Jumamosi, Jumatano ni ndogo zaidi. Ni hapo pa parachichi na ndizi, kwa sababu mazao yanatoka mashamba ya jirani na mnunuzi anaongea na aliyelima. Ubaya wake ni msongamano, jua, na matope ya masika ambayo hayataki viatu vya ngozi. Kwa guakamole, yaani parachichi la kuponda, kataa yale makubwa laini yenye maji na utafute aina ya Hass au mengine yenye mafuta. Usibonyeze tumbo la tunda, utaliumiza na muuzaji atakuchukia kwa haki. Gusa shingoni karibu na kikonyo. Nunua magumu kwa ajili ya siku ya 3 au 4. Oaxaca pia hutumia majani ya mparachichi kwenye maharage, lakini ni ya miti yenye harufu ya anisi. Fikicha jani unuse: kama halinukii, halina kazi.

Nyama haitaki soko maalumu. Ndani ya Mercado 20 de Noviembre kuna ujia wa moshi, Pasillo de Humo, ambako mteja anachagua nyama mbichi, inapimwa, inachomwa mbele yake, kisha tortila, vitunguu na parachichi ananunua kwa watu wengine. Mtu wa Arusha hafundishwi hilo. Tofauti iko kwenye mkato. Tasaho yao ni shuka jembamba la ng'ombe lenye chumvi, na bucha zetu hukata kwa shoka, mfupa ukiwemo. Omba mnofu wa paja kipande kimoja, uweke kwenye friza nusu saa ugande kidogo, kata mwenyewe milimita 3 hadi 4, paka gramu 20 za chumvi kwa kilo, uache kwenye friji saa 2 bila kufunika. Makaa makali, dakika 1 kila upande. Nyama ya nguruwe iliyopakwa pilipili, ambayo nayo ni ya ujia ule, itafute kwa wauza kitimoto.

Kwa vyombo na mapambo hatuna mengi ya kusema. Vikapu vya mkonge vinafaa kubebea tortila, na si ugeni: mmea huo asili yake ni Meksiko, ukaingizwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf. Kibonyezeo cha tortila mwachie fundi wa kuchomelea vyuma. Mpe vipimo: sahani mbili za sentimita 20, unene milimita 6 hadi 8, mkono wa sentimita 30. Mwambie bawaba iwe na nafasi ya milimita 3 hadi 4 sahani zikifungwa, kwa sababu bawaba iliyobana inatoa tortila nene upande mmoja na karatasi upande wa pili. Na mkataze kuipaka rangi ndani. Chuma kitupu, kikipakwa mafuta ya kula kidogo baada ya kazi, hakishiki kutu.